SI JINI, SI USANII: Rafiki yako anapopotelewa na saa za maisha yake

  Kwa wale ambao mshahara umekata hata kabla ya tarehe kumi, poleni sana, tupo wengi.

Leo naomba tuweke pembeni habari za nani kamwacha nani. Nina mada nzito kidogo, ila usikimbie, tutakwenda nayo taratibu kama watu wanaokunywa kahawa ya moto.

Mjini hapa kuna msemo umeshika kasi. Ukikaa kijiweni utasikia, "Achana na yule demu, ana nafsi mbili yule, asubuhi malaika jioni Ziraili." Ukiingia saluni nako ni hivyo hivyo, "Shoga, mume wangu ana watu wawili ndani yake." Tunacheka, tunapigana mikono, maisha yanaendelea.

Sasa hebu tuelewane mapema. Mtu kununa si ugonjwa. Mtu ambaye akiwa nazo ni mcheshi na akifulia anakuwa mkali kama pilipili, huyo ni binadamu wa kawaida kabisa, tena yupo kila nyumba ya kupanga. Na yule anayekuchekea mbele na kukusengenya nyuma, huyo ni mnafiki, dawa yake unaijua.

Lakini upo ugonjwa wa kweli ambao nafsi ya mtu mmoja inakuwa imegawanyika. Anaweza kuwa mwenzako wa chumbani, dada yako, au mshikaji mnayecheza naye bao. Na kwa sababu hatujui dalili zake, tunawaita wenye nao waongo, wezi, malaya au wenye majini.

Kilichonifanya nishike kalamu ni ujumbe wa msomaji mmoja, jina nalihifadhi. Anaishi na mdogo wake wa kike mwenye miaka 22, wamepanga chumba na sebule. Anasema mdogo wake anakuta nguo kabatini na kuapa kwamba hajazinunua. Kuna siku alituma pesa kwa simu, kesho yake akalia kwamba kaibiwa, wakati namba ya siri anaijua yeye peke yake. Mara nyingine anaongea kwa sauti ya kitoto, halafu baada ya nusu saa anauliza, "Saa ngapi sasa? Mbona giza limeingia?" Familia imegawanyika. Baba anasema ni mwongo anatafuta sababu za kutosoma, shangazi anasema apelekwe kwa mganga. Msomaji wangu anauliza, "Kaka mwandishi, nimshike nani?"

Ndugu yangu, mimi si daktari. Elimu yangu iliishia kidato cha nne na sitaki kujifanya naweza kumpima mtu kwa meseji. Ila nimesoma sana kuhusu jambo hili, na ninachoweza kukupa ni macho ya kuona. Kupima ni kazi ya mwenye taaluma.

BIBI WA AUGUSTA

Tuanzie mbali kidogo, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Katika mji wa Augusta, jimbo la Georgia, mama mmoja kijana, mpole, mwenye mume na binti mdogo, alikwenda kwa daktari akilalamika kichwa. Kichwa kinauma sana, halafu kinafuata kipindi ambacho hakumbuki kitu. Basi. Hakwenda akisema, "Daktari, mimi ni watu wawili." Alikwenda kama unavyokwenda wewe kutafuta panadol.

Madaktari wake walikuwa Corbett Thigpen na Hervey Cleckley. Siku moja ofisini kwao ikafika barua. Imeanza kwa mwandiko wa yule mama, uliotulia, lakini mwishoni mwandiko umegeuka kabisa, umekuwa kama wa mtoto. Alipoulizwa, alikumbuka kuianza ile barua ila hakukumbuka kuimaliza wala kuituma. Nyumbani nako kulikuwa na kasheshe. Mumewe alifungua kabati akakuta nguo mpya za bei mbaya, na mama wa watu anaapa hajanunua. Jiulize, mume wa kawaida angefikiri nini? Kwamba mke ni mwongo, tena mfujaji.

Baadaye, mbele ya daktari, akajitokeza "mwingine", mchangamfu, mwenye maneno, aliyeijua ile habari ya nguo vizuri sana kwa sababu ndiye aliyezinunua. Madaktari waliandika habari hiyo mwaka 1954, na mwaka 1957 ikatoka filamu, The Three Faces of Eve, iliyompa mwigizaji Joanne Woodward tuzo ya Oscar.

Filamu ilimaliza kwa furaha, mgonjwa kapona. Mwenyewe hakupona haraka hivyo. Jina lake halisi lilikuwa Chris Costner Sizemore, na katikati ya miaka ya 1970 alijitokeza hadharani, kisha mwaka 1977 akatoa kitabu, I'm Eve. Humo akaeleza kwamba aliendelea kuumwa miaka mingi baada ya filamu, na nafsi zilizompitia zilizidi 20. Mwishowe alitengemaa, akawa mchoraji na mtetezi wa wagonjwa wa akili, akafariki mwaka 2016 akiwa na miaka 89.

Nimekupa habari yake kwa sababu moja. Angalia dalili zilianza na nini: kichwa kuuma, muda kupotea, barua asiyoikumbuka, nguo asizozijua. Hakuna kupiga kelele, hakuna kugeuza macho.

DALILI ZENYEWE

Zamani ugonjwa huu uliitwa wa nafsi nyingi. Mwaka 1994 wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani wakaubadilisha jina, na ukilitafuta kwa Kiswahili chetu ni kama kugawanyika kwa nafsi. Sababu yake ina maana. Shida si kwamba ndani ya mwili mmoja wamepanga watu wengi kama nyumba ya Manzese. Ni mtu mmoja, ambaye vipande vya nafsi yake havikushikana vikawa kitu kimoja.

Dalili ya kwanza, na ndiyo mama wa zote, ni mashimo katika kumbukumbu. Siongelei kusahau funguo. Wala siongelei kupitilizwa kituo kwenye daladala kwa sababu ulikuwa unawaza madeni, hilo linatupata sote. Naongelea mtu kupotelewa na saa nzima, au mchana mzima, au kujikuta Kariakoo bila kujua katokaje nyumbani. Wengine hawakumbuki mambo makubwa ya maisha yao, kama harusi ya dada au mwaka mzima wa shule.

Ya pili ni ushahidi usio na mwenyewe. Anakuta vitu ambavyo hakumbuki kununua, meseji ambazo hakumbuki kuandika, daftari lenye mwandiko wa ajabu. Watu anaoona hawajui wanamsalimia kwa jina ambalo si lake na wanamkumbusha ahadi.

Ya tatu ni kubadilika kunakozidi kununa. Sauti, namna ya kukaa, maneno anayotumia, hata anavyojihesabia umri. Leo anapenda chakula fulani, kesho anashangaa, "Mimi sijawahi kula hiki." Kitu alichokuwa anakifanya vizuri kinampotea mikononi, kisha kinarudi.

Ya nne iko ndani, hutaiona mpaka akwambie. Anasikia sauti kichwani zikibishana au zikimsema. Anajiona kwa mbali kama anatazama sinema, mdomo unaongea lakini haoni kama ndiye anayeuongoza. Anajitazama kwenye kioo na sura inamwia ngeni.

Ya tano, na hii ndiyo inayowachanganya wengi, ni kuficha. Tunadhani mwenye tatizo hili atajitangaza. Wapi! Wengi wanaficha kwa miaka. Akiulizwa kitu asichokumbuka atacheka, atasema "nilikuwa natania", atabadilisha mada, au atakubali tu ili yaishe. Wewe ukimtazama unaona mwongo, kumbe anaziba shimo. Anaogopa kuitwa chizi.

Ongeza hapo kichwa kuuma mara kwa mara, usingizi wa ndoto mbaya, huzuni ndefu na kujikatakata. Hapa nakuomba usipite haraka. Kitabu cha wataalamu wa Marekani kinachoitwa DSM-5, cha mwaka 2013, kinasema zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa wa nje wenye ugonjwa huu wamewahi kujaribu kujiua. Asilimia 70! Kwa hiyo ukimwita mtu msanii, fahamu anaweza kuwa amesimama wapi.

Na sinema zisikudanganye. Ile Split ya mwaka 2016 imefanya watu waamini mwenye nafsi nyingi ni muuaji anayeteka mabinti. Mara nyingi anayeumia mikononi mwa mgonjwa huyu ni yeye mwenyewe.

NA MAJINI JE?

Najua watu wa Tanga, Unguja na Mombasa mmeshaanza kunung'unika. "Mbona haya ni ya kwetu? Huyo kapandisha tu." Haya, tuyaongee, tusiogopane.

Pwani yetu inajua habari za pepo tangu enzi na enzi. Mtu anapandisha, pepo anataja jina lake, pengine anaongea Kiarabu au lugha ya ajabu, anadai marashi au ngoma, anapungwa, anatulia. Ajabu ni kwamba hata madaktari hawalipuuzi jambo hili. DSM-5 inasema katika baadhi ya jamii kugawanyika kwa nafsi kunaweza kuonekana kama kupagawa. Lakini inasema pia kwamba jambo likiwa ni sehemu ya mila au ibada inayokubalika na watu, lenyewe peke yake si ugonjwa. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 2022, nayo inaweka kupagawa kunakomtesa mtu katika fungu lake mbali na kugawanyika kwa nafsi.

Kwa lugha ya mtaani, swali ni hili: je, kinachomjia kinakuja mahali pake na wakati wake, watu wake wakakielewa, kikaisha akarudi kazini kwake kama kawaida? Au kinamvamia popote, kwenye mtihani, barabarani, jikoni mafuta yakiwa motoni, na kinamharibia maisha? Kikiwa cha pili, hata kama wewe unaamini ni jini, jini hilo lisikuzuie kwenda hospitali. Dua na daktari havigombani. Kinachogombana na kila kitu ni kumfunga mtu kamba, kumchapa, kumfukiza moshi mpaka azimie au kumshindisha njaa. Hapo hutoi pepo, unaongeza jeraha juu ya jeraha.

JERAHA LENYEWE

Maana asili ya ugonjwa huu, kwa kadiri wataalamu wengi wanavyoona, ni jeraha la utotoni. Mtoto mdogo sana akipata mateso yanayojirudia, kipigo kikali, kunajisiwa, kutelekezwa, na hana pa kukimbilia, akili yake inafanya ujanja mmoja tu uliobaki. Inajitenga. Inasema, "Hili halinipati mimi, linampata mwingine." Ujanja huo unamwokoa leo, lakini ukirudiwa miaka na miaka nafsi inakua ikiwa vipande. DSM-5 inasema karibu asilimia 90 ya wagonjwa wa Marekani, Kanada na Ulaya walipitia unyanyasaji na kutelekezwa utotoni. Si wote lakini. Chris Sizemore alisema chanzo chake kilikuwa ajali za kutisha alizoziona akiwa mtoto mdogo.

Sasa rudi kwenye ile familia ya msomaji wangu. Fikiri kama huyo binti naye alifanyiwa ubaya akiwa na miaka mitano, na leo anaambiwa mwongo na watu wa nyumba ile ile. Sijui kama ndivyo ilivyo. Lakini inatosha kutufanya tupunguze ukali wa ndimi.

KUNA WANAOBISHA

Sitakuficha, wapo wataalamu wenye mashaka. Mwaka 1973 kilitoka kitabu Marekani kinaitwa Sybil, cha mwanamke mwenye nafsi 16, na mwaka 1976 kikawa filamu ya televisheni. Baada ya hapo wagonjwa wa aina hiyo, ambao kabla walikuwa wa kuhesabika, wakaongezeka mpaka maelfu. Kumbe mgonjwa mwenyewe, Shirley Mason, mwaka 1958 alimwandikia daktari wake barua akisema alikuwa anajifanya tu. Daktari akaichukulia kuwa ni njia ya kukwepa matibabu, yakaendelea. Mpaka leo watu wanabishana ukweli ulikuwa upi.

Mimi funzo ninalolichukua pale ni moja. Mtu aliyeumia anaweza kupandikizwa mambo. Ukimkalia kila jioni ukimuuliza, "Sasa hivi wewe ni nani? Una jina gani? Mko wangapi humo?" unaweza kumpa majina ambayo hakuwa nayo. Tabia hiyo wanayo baadhi ya waganga, wanayo na baadhi ya marafiki wenye kiherehere. Acha.

UFANYE NINI BASI

Msomaji wangu, uliuliza umshike nani. Usimshike baba, usimshike shangazi. Mshike mkono mdogo wako.

Tafuta saa ya utulivu, si katikati ya ugomvi wa pesa. Mwambie, "Nimeona kuna muda unakupotea. Sina hasira. Nataka tusaidiane." Halafu nyamaza usikilize. Usimlazimishe akueleze yaliyompata utotoni, atasema akiwa tayari, na kwa mtu anayejua kuyapokea. Usimrekodi kwa simu ukapeleka kwenye kundi la familia, itakuwa fedheha ya milele.

Andikeni pamoja, yeye akikubali: siku gani, saa ngapi, kilitokea nini, alikuwa amelala kiasi gani, alikunywa kitu gani. Karatasi hiyo ni dhahabu kwa daktari. Kwa nini? Kwa sababu yapo mambo mengi yanayofanana na haya. Kifafa cha aina fulani hakimwangushi mtu, kinampoteza fahamu kidogo huku anatembea. Pombe inafuta kumbukumbu, dawa za kulevya pia. Kuumia kichwa, homa kali, na magonjwa mengine ya akili nayo yamo. Huwezi kuyatenganisha ukiwa sebuleni, hata uwe na macho ya namna gani.

Kwa hiyo anzeni hospitali iliyo karibu, apimwe mwili kwanza, kisha muombe rufaa ya kitengo cha afya ya akili. Muhimbili pale Dar wanacho, na Dodoma ipo Mirembe. Wakenya wana Mathari. Najua jina la Mirembe limegeuzwa tusi mjini hapa, lakini ni hospitali, watu wanatibiwa wanarudi makwao.

Matibabu yenyewe hasa ni maongezi na mtaalamu, ya muda mrefu, pengine ya miaka. Kwanza wanamsaidia awe salama na atulie, kisha taratibu wanagusa kumbukumbu zinazouma, mwisho wanasaidia vipande vikae pamoja. Hakuna kidonge cha kuunganisha nafsi, ila dawa zipo za huzuni na za usingizi zinazokuja pamoja na ugonjwa huu. Akuuziaye chupa ya siku saba kwamba atapona kabisa, huyo ana shida ya pesa.

Akisema anataka kufa, au ukamkuta na sumu au kamba, hapo hakuna kusubiri miadi. Usimwache peke yake, ondoa vitu vya hatari, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe saa nane ya usiku.

Na wewe ambaye hukuandika, lakini ulikuwa unasoma huku moyo unakwenda mbio kwa sababu kabati linalosemwa ni lako, nisikilize. Wewe si mwongo. Si chizi pia. Akili yako inawezekana ilifanya kazi kubwa sana kukulinda ulipokuwa mdogo na hapakuwa na mtu mzima wa kukulinda. Sasa umekua, unastahili msaada wa watu wenye taaluma. Mtafute mtu mmoja tu unayemwamini, umwambie neno moja tu: "Kuna muda unanipotea." Anzia hapo.

Wengine wote, kazi yetu wiki hii ni ndogo. Tukisikia kijiweni "yule ana nafsi mbili", kabla ya kucheka tuulize, je, huyo anatudanganya sisi, au kuna saa za maisha yake hata yeye mwenyewe hazijui?

Nafasi imeniishia, mhariri ananikodolea macho. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.